Akiba Haiozi: Tuweke Mkaa wa Siku ya Shida

Mimi ni mkulima wa mpunga katika Bonde la Rufiji. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, katika darasa la kijiji kama hilo lako. Leo nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo moja. Jambo hilo ni mkaa.

Huenda utasema, "Mkaa? Mkaa tunaujua." Ni kweli. Sisi watu wa Rufiji tunaujua sana. Kwa miaka mingi magunia ya mkaa yametoka huku kwetu kwenda Dar es Salaam. Tunakata miti, tunapanga tanuru, tunachoma, tunauza. Lakini siku ya shida ilipofika, hata katika nyumba za wachoma mkaa hapakuwa na mkaa wa kujaza kopo.

Maoni yangu ni haya. Kila nyumba ya kijijini iweke akiba ndogo ya mkaa mkavu kwa ajili ya siku ya shida. Tena kila mtu katika nyumba ajue namna ya kuutumia bila kujiua. Mkaa huo usiwe wa kila siku. Uwe akiba.

Sasa nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

UNGA TULIKUWA NAO, MOTO HATUKUWA NAO

Mwezi wa Aprili, mwaka 2024, Mto Rufiji ulifurika. Maji yaliingia katika vijiji vya wilaya za Rufiji na Kibiti. Mashamba yalizama. Nyumba zilianguka. Wala si sisi peke yetu tuliopata taabu mwaka ule. Tarehe 25 Aprili, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 katika nchi yetu.

Sisi tulipata nafasi ya kuhama. Tulikimbilia mahali pa juu, penye shule. Tulibeba watoto. Tulibeba unga, mchele, sufuria na kuku. Hakuna aliyekumbuka moto.

Mvua ilinyesha usiku na mchana. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Tulijaribu kuziwasha. Tulipuliza mpaka macho yakawa mekundu. Moshi tuliupata, moto hatukuupata.

Kwa siku mbili watoto walikunywa unga uliokorogwa katika maji baridi. Na maji yenyewe yalikuwa maji ya mafuriko. Yalikuwa yamepita katika vyoo vilivyozama. Kuyachemsha hatukuweza. Siku ya tatu watoto wengi waliharisha.

Jambo hili liliniuma sana. Kumbe mtu anaweza kulala na njaa huku kichwa chake kimeegemea mfuko wa unga!

Siku ya tatu hiyo jirani yangu mmoja alipata beseni la mkaa kwa mtu wa kijiji cha pili. Tulishangilia. Uji ulipikwa, maji yalichemshwa. Lakini usiku ulipoingia, baridi ilikuwa kali. Jirani aliingiza jiko ndani ya chumba walimolala wanawe na mama yake mzee. Akafunga mlango na madirisha ili mvua isiingie.

Usiku wa manane bibi yule aliamka ili atoke nje. Alisimama, akaanguka mlangoni. Mlango ukafunguka. Tuliposikia kishindo tulikimbia. Tukawakuta watoto wawili wamelegea kama nguo. Tuliwatoa nje kwenye hewa. Mmoja alitapika. Mwingine hakuamka upesi, tukambeba mpaka zahanati. Nashukuru, wote wawili wako hai hadi leo. Lakini kama bibi asingeamka, asubuhi tungechimba makaburi matatu.

Tangu siku ile nimejifunza mambo mawili. La kwanza, kukosa mkaa siku ya shida ni hatari. La pili, kuwa na mkaa bila maarifa ni hatari vile vile.

KWA NINI MKAA?

Kuni ni nzuri. Mimi napika kwa kuni karibu kila siku. Lakini kwa akiba ya siku ya shida, mkaa una faida zake.

Kwanza, mkaa hauozi, wala mchwa hawauli. Kuni ukiziweka miaka miwili, utakuta unga wa mchwa na wadudu. Mkaa ukiuweka miaka miwili mahali pakavu, utaukuta ni mkaa ule ule. Wazee walisema akiba haiozi. Kwa mkaa, maneno hayo ni kweli kabisa.

Pili, mkaa ni mwepesi kuubeba. Kilo moja ya mkaa mkavu hutoa joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni kavu. Ukilazimika kuhama, utabeba moto mwingi katika mfuko mdogo.

Tatu, mkaa hautoi moshi mwingi. Lakini sifa hii ndiyo inayowadanganya watu. Nitaieleza mbele.

UWEKE KIASI GANI?

Usimwulize mtu mwingine. Pima mwenyewe. Ndiyo maana tulijifunza hesabu.

Chukua debe moja la mkaa. Pika kwa debe hilo peke yake mpaka liishe. Hesabu siku, uziandike katika daftari. Tuseme debe lilikwisha baada ya siku 4. Basi debe 2 ni siku 8, na debe 4 ni siku 16.

Mimi naona kila nyumba iwe na mkaa wa siku 14, yaani majuma mawili. Barabara ikikatika, mara nyingi huchukua siku nyingi kabla ya msaada kufika.

"Lakini mimi sina fedha za kununua gunia zima," mama mmoja aliniambia darasani. Nilimjibu, "Mama, hata gunia lilianza na kopo." Unapotoka gulioni, nunua kopo moja la akiba. Juma linalofuata, kopo lingine. Ukianza wakati wa kiangazi, masika yatakukuta tayari. Tena wakati wa kiangazi mkaa ni mkavu, na bei yake mara nyingi ni nafuu kuliko wakati wa mvua.

NAMNA YA KUUWEKA

Mkaa una adui wawili: maji na moto.

Mkaa hunywa maji kama sponji. Ukilowa, hauwaki vizuri. Hurushа cheche, hutoa moshi, na sehemu ya joto lake huishia kukausha maji yake wenyewe. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Anika mkaa juani kabla ya kuuweka.

2. Uweke katika debe au pipa lenye mfuniko. Kama huna, tumia gunia lililotiwa mfuko wa nailoni ndani, ulifunge vizuri mdomo.

3. Usiuweke chini. Udongo hutoa unyevu. Tengeneza kichanja, au uweke juu ya mbao na mawe. Sisi wa Rufiji tunajua kujenga dungu shambani. Basi mkaa nao tuujengee dungu lake, juu ya mahali maji yanapofika.

4. Usiusogeze ukutani. Ukuta wa udongo hulowa wakati wa mvua.

5. Uweke mbali na jiko, kibatari na mahali watoto wanapochezea.

Sasa habari ya moto. Mkaa uliotolewa katika tanuru leo usiuingize ndani leo. Unaweza kuonekana umezima, kumbe kaa moja bado lina moto katikati. Likipata hewa, huwaka tena na kuunguza gunia zima, na nyumba pia. Uache nje siku mbili, uutandaze, uuguse kwa mkono. Uwe baridi kabisa ndipo uuweke ndani.

Pamoja na mkaa, weka viberiti viwili katika chupa kavu yenye kifuniko. Weka na vifuu vya nazi vilivyokauka, kwa sababu huwaka upesi na kuwasha mkaa bila mafuta. Tena weka jiko lenyewe pamoja na hivyo vyote. Mkaa bila kiberiti hauna kazi.

MKAA UNAUA BILA KELELE

Ndugu msomaji, soma sehemu hii mara mbili. Kisha msomee asiyejua kusoma.

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho, wala haikohoshi. Huingia kifuani, kisha katika damu. Huko huchukua nafasi ya hewa safi tunayoihitaji ili tuishi. Mtu huumwa kichwa. Huona kizunguzungu, hutaka kutapika, na viungo humlegea. Kama amelala, hulala moja kwa moja.

Moshi wa kuni ni mkali, lakini hutufukuza nje. Mkaa haufukuzi mtu. Ndiyo maana nilisema kwamba sifa yake ya kukosa moshi inadanganya. Watu husema, "Hakuna moshi, basi hakuna hatari." Hilo ni kosa kubwa.

Yashike mambo haya:

1. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala, hata kama baridi ni kali namna gani. Vaa nguo nyingi. Laleni pamoja. Jifunike gunia ikibidi. Baridi ina dawa, kifo hakina.

2. Usiwashe jiko ndani ya hema, wala ndani ya gari lililofungwa.

3. Pika nje, upenuni, au katika banda lisilo na kuta. Kama mvua inanyesha, funga turubai juu ya miti minne, uache pande zote wazi.

4. Mkaa uliofunikwa na majivu bado unatoa sumu. Usiseme, "Umezima, naweza kuuingiza ndani." Uache nje mpaka asubuhi.

5. Beseni la maji kando ya jiko haliondoi sumu. Dirisha moja dogo halitoshi.

Ukimkuta mtu amelegea karibu na jiko la mkaa, mtoe nje mara moja. Usipoteze muda kumwuliza maswali. Fungua milango, toa jiko, ita watu, mpeleke zahanati. Mpeleke hata kama amezinduka, kwa sababu sumu hubaki katika damu kwa saa kadhaa.

TUMIA KIDOGO, UPIKE KINGI

Akiba ya siku ya shida haitumiwi ovyo. Bibi zetu walijua kubana matumizi. Nasi tufanye hivyo.

Loweka maharage usiku kucha. Funika sufuria wakati wa kupika. Katakata muhogo na viazi vipande vidogo. Andaa kila kitu kwanza, ndipo uwashe jiko. Watu wengi huwasha jiko, kisha huanza kutafuta chumvi. Mkaa unaungua bure.

Kama una jiko lenye udongo wa kuchoma ndani, litumie hilo. Hushika joto vizuri kuliko jiko la bati tupu, na hupunguza mkaa kwa kiasi cha theluthi moja au zaidi.

Kisha kuna kapu la kuivishia. Chukua kapu kubwa. Jaza majani makavu chini na pembeni, uache shimo la kutosha sufuria. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika 20. Epua, funika vizuri, weka sufuria ndani ya kapu, funika juu kwa blanketi au nguo nzito. Yaache kwa saa kadhaa. Yataendelea kuiva bila moto. Kama hayajalainika, yachemshe tena kidogo.

Ukimaliza kupika, usimwagie makaa maji. Yachukue kwa koleo, uyatie katika kopo la bati, ulifunike kabisa. Yakikosa hewa yatazima. Liache kopo nje. Kesho utapata mkaa wa kuwashia tena.

Lakini katika jambo moja usiubanie mkaa: maji ya kunywa. Wakati wa mafuriko chemsha maji ya kunywa kwanza, kabla ya kufikiri ugali. Yakianza kutokota kwa nguvu, yaache dakika moja, kisha epua, yapoe, uyafunike. Kipindupindu hakingoji.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Nilipotoa maoni haya katika mkutano wa kijiji, wengine walinipinga. Ni haki yao. Nami nitayajibu hapa.

Mzee mmoja alisema, "Mwaka 1980 tulisoma darasani habari za Misitu ni Mali. Tuliambiwa tupande miti. Leo wewe unatuambia tuchome mkaa?"

Mzee alisema neno la kweli. Kwa tanuru la udongo tunalotumia, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Nyingine zote hupotea. Kwa hiyo mtu anayepika kwa mkaa kila siku anakula msitu mkubwa. Ndiyo maana nasema mkaa huu uwe akiba, usiwe mazoea. Nyumba itahitaji debe chache tu, na zitakaa mwaka mzima au zaidi bila kuguswa. Mkaa huo si lazima tukate mti mzima kwa ajili yake. Tuchome matawi ya mikorosho tunayoipogoa na vifuu vya nazi tunavyotupa. Chenga za mkaa zilizobaki tuzichanganye na udongo kidogo wa mfinyanzi, tufinyange matonge, tuyaanike. Na anayetaka kukata mti msituni apate kibali kwanza. Msitu ni mali ya wote.

Kijana mmoja alisema, "Siku hizi kuna gesi. Mkaa ni mambo ya zamani."

Gesi ni nzuri. Simpingi. Mwezi wa Mei, 2024, serikali ilizindua mpango wake wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mwenye uwezo wa gesi na aitumie kila siku. Mapafu ya mama yatapona, na msitu utapona. Lakini nilimwuliza kijana yule, "Barabara ikikatika na mtungi ukiisha, utaubeba wapi ukajaze?" Hakujibu. Akiba ya mkaa haishindani na gesi. Ni ndugu mdogo anayekaa nyuma, akingoja kuitwa.

Mama mmoja naye alisema, "Mafuriko huja mara moja kwa miaka mingi. Tutunze mkaa miaka yote hiyo?"

Naam, mama. Jembe la akiba unalo. Kanga ya akiba unayo. Mbegu unazitunza mpaka msimu. Tena siku ya shida si mafuriko peke yake. Mvua ya siku tano mfululizo ni shida. Ugonjwa unaomzuia mama kwenda kutafuta kuni ni shida. Msiba unaoleta watu mia moja nyumbani ni shida. Siku zote hizo mkaa mkavu utakufaa. Ukishautumia, rudisha kiasi ulichotoa.

TUFANYE NINI SASA?

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vya Mtu ni Afya. Hawakuishia kusoma. Walitoka darasani wakachimba vyoo na kufyeka majani. Kusoma kwao kulionekana kwa macho.

Nasi tusiishie kusoma. Kila mwanadarasa apime mkaa wa nyumba yake na kuanza akiba kabla ya masika. Kila kitongoji kichague mahali pa juu, pakavu, pa kujenga banda la kupikia lisilo na kuta, ili watu wakihama wasipikie vyumbani. Serikali ya kijiji iweke magunia machache ya mkaa kwa ajili ya wazee, wagonjwa na wasiojiweza. Na sisi tuliosoma habari ya sumu ya mkaa tuipeleke nyumba kwa nyumba, hasa kwa akina mama wenye watoto wachanga.

Mto wetu ni mzuri. Hutupa samaki na rutuba ya mpunga. Lakini utafurika tena. Hakuna mzee wa Rufiji atakayekuambia vinginevyo. Siku hiyo ikifika, nataka kila mama akimbilie mahali pa juu akiwa na mtoto mgongoni, unga mkono mmoja, na mkaa mkavu mkono wa pili. Na usiku ukiingia, jiko libaki nje.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Nyumbani kwako debe moja la mkaa huchukua siku ngapi? Kwa siku 14 utahitaji debe ngapi?

2. Kwa nini mkaa uliotoka katika tanuru leo usiingizwe ndani leo?

3. Kwa nini kukosa moshi si dalili ya usalama?

4. Katika kitongoji chenu, ni mahali gani pa juu panapofaa kwa banda la kupikia?

5. Je, unakubaliana na maoni ya mwandishi? Eleza sababu zako.